Tanuri la Ombwe na Hewa ya Lubumbashi

Mhadhara kwa wasikilizaji wa Bel-Air, komini ya Kampemba

Hidroksidi ya kobalti, yaani unga wa rangi ya waridi au kahawia ambao viwanda vya Kolwezi na Likasi huutenga kutoka kwenye mmumunyo wa asidi na kuupakia katika magunia makubwa kwa safari ya mpakani Kasumbalesa, hubeba maji mengi kuliko jicho linavyoweza kukisia, na mnunuzi wake halipii maji. Bei hukadiriwa kwa tani kavu, kwa hiyo kabla ya mkemia kuulizwa mzigo una kobalti kiasi gani, huulizwa kwanza ni sehemu gani ya mzigo huo iliyo unyevu mtupu. Tuseme shehena ni ya tani 30 na kipimo cha unyevu kimekosewa kwa asilimia moja tu: kilo 300 za mali kavu zimepata au kukosa mwenyewe kwenye karatasi, na ikiwa mali hiyo ina asilimia 30 ya kobalti, basi kilo 90 za kobalti zimehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine bila mtu kuiba. Mnunuzi wa makaa yaliyonyeshewa mvua anaielewa hasara ya namna hiyo bila kufundishwa.

Swali hili la unyevu halikuwa na uzito kama huu zamani. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na kumimina shaba yake ya kwanza hapa Lubumbashi mwaka 1911, iliuza zaidi metali iliyokwisha kuyeyushwa, na metali iliyopita motoni haina maji ya kubishaniwa. Biashara ya leo, inayosafirisha sehemu kubwa ya kobalti yake ikiwa bado tope lililochujwa na kukamuliwa, imeipa maabara mamlaka ambayo zamani yalikuwa ya mizani ya stesheni, na ndani ya maabara hiyo kifaa kinachostahili kueleweka vizuri kuliko kinavyoeleweka ni tanuri la ombwe, yaani tanuri ambalo hewa yake imenyonywa ili vitu vikauke kwa joto dogo.

Tanuri la kawaida la maabara, ambalo mafundi wa Lubumbashi hulijua zaidi kwa jina la Kifaransa la étuve, hukausha kwa hewa ya moto, mara nyingi kwa nyuzi 105 za Selsiasi. Kwa mchanga, kwa udongo na kwa mawe mengi yaliyosagwa, joto hilo halina neno. Kwa hidroksidi ya kobalti lina madhara mawili. La kwanza ni kwamba oksijeni ya hewa huibadili hidroksidi ya waridi kuwa oksihidroksidi ya kahawia, na badiliko hilo, likikamilika, hupunguza uzito kwa karibu asilimia 1.1, upungufu ambao mizani huuhesabu kuwa unyevu ingawa hautokani na maji yaliyoloanisha unga. La pili ni kwamba joto likizidi kupanda, hidroksidi yenyewe huvunjika na kuwa oksidi, na ikiwa yote itageuka kuwa ile oksidi nyeusi yenye atomi tatu za kobalti kwa nne za oksijeni, itapoteza karibu asilimia 13.6 ya uzito wake mkavu. Mizani haiulizi uzito umekwenda wapi. Chumvi za shaba nazo zina tatizo lao: fuwele za buluu za salfeti ya shaba zimefunga ndani yake molekuli tano za maji kwa kila molekuli moja ya chumvi, mbili zikianza kuachia karibu na nyuzi 63, mbili nyingine karibu na nyuzi 109 na ya mwisho karibu na nyuzi 200, hivyo mtu anayeikausha kwa nyuzi 105 akidhani anatoa umande wa juu huwa ameshaanza kuibomoa fuwele, na buluu inayopauka kuelekea weupe ndiyo ushahidi wake.

Njia ya kutoka katika mtego huo ni kuyafanya maji yachemke kwa joto la chini. Kioevu chochote huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapofikia kulingana na mgandamizo wa hewa unaokikalia juu, na mgandamizo maana yake ni kani inayobebwa na kila sehemu ya eneo, ikipimwa kwa paskali, au kwa bari, ambayo ni paskali 100,000. Ikipunguzwa hewa, joto la kuchemkia nalo hushuka. Kwa mgandamizo wa milibari 200 maji huchemka kwa nyuzi 60 hivi. Kwa milibari 74 huchemka kwa nyuzi 40. Kwa milibari 23 huchemka kwa nyuzi 20, yaani kwa joto la chumba chenye ubaridi wa asubuhi ya Juni. Ombwe lina faida ya pili ambayo kwa kobalti ni kubwa kuliko ya kwanza: hewa inapoondoka, oksijeni huondoka pamoja nayo, na kile kidogo kinachobaki hufukuzwa na mvuke wa maji yenyewe, kiasi kwamba baada ya muda kinachozunguka sampuli ni mvuke karibu mtupu, na rangi ya waridi hubaki kuwa ya waridi.

Kwamba hewa ina uzito, na kwamba uzito huo hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, ni maarifa ya karne ya kumi na saba. Evangelista Torricelli alionyesha mwaka 1643 kwamba hewa huweza kushikilia nguzo ya zebaki ndani ya mrija. Na tarehe 19 Septemba 1648, kwa ombi la Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer aliupanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mrija wa aina hiyo, akaikuta zebaki imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8 kuliko ilivyosimama chini mjini Clermont. Jambo hilo linaihusu Lubumbashi moja kwa moja. Mji huu umekaa kwenye mita 1,200 na kitu juu ya usawa wa bahari, na zebaki ambayo Mombasa husimama kwenye milimita 760 hapa husimama karibu na milimita 655. Kwa vipimo vya kisasa, mgandamizo wa hewa pwani ni kilopaskali 101 hivi na wa Bel-Air ni kilopaskali 87 hivi, ndiyo maana sufuria ya maji ya hapa huchemka kwa nyuzi 96 na wala haifiki 100.

Ni tofauti ya kilopaskali 14, na ndiyo inayowachanganya watumiaji wengi. Geji iliyo kwenye uso wa matanuri mengi ya ombwe haipimi hewa iliyobaki ndani. Hupima tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani, huanzia sifuri mlango ukiwa wazi, na hushuka hadi alama ya kutoa 0.1 ya megapaskali, ambayo ni sawa na kutoa bari moja. Aliyechora uso wa geji hiyo aliwaza miji ya chini. Lubumbashi, hata pampu ikinyonya hewa yote hadi chembe ya mwisho, mshale hauwezi kupita kutoa 0.087, kwa sababu nje hakuna zaidi ya hapo cha kutofautisha. Fundi anayesoma katika kitabu cha maelekezo kwamba ombwe zuri ni kutoa 0.098 ataiacha pampu ingurume mchana kutwa, atabadilisha mpira wa mlango, atabadilisha mafuta, mwishowe ataandika barua ya kulalamikia kifaa kisicho na kosa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa kuwa halilalamikiwi. Tuchukue maelekezo yanayosema hewa inyonywe hadi mshale ufike kutoa 0.08. Pwani, ukitoa kilopaskali 80 katika 101, hubaki 21, na maji huchemka kwa nyuzi 61. Bel-Air, ukitoa 80 hizohizo katika 87, hubaki 7 na kitu, na maji huchemka kwa nyuzi 40. Alama ni ileile, fundi ni mtiifu, lakini hali ndani ya chemba imekuwa kali karibu mara tatu, na chumvi yenye maji ya fuwele ambayo pwani ingesalimika, hapa inaweza kuyapoteza. Maabara mbili, moja bandarini na nyingine katika nyanda za juu za Katanga, zinaweza kufuata karatasi moja kwa uaminifu kamili na bado zikatofautiana kuhusu unyevu wa gunia moja. Dawa yake ni nyepesi: kutumia geji ya mgandamizo halisi, ambayo huhesabu kuanzia ombwe tupu na kwa hiyo haijali mji ulipo, au, geji hiyo ikikosekana, kubandika kando ya tanuri mgandamizo wa hewa wa mahali na kufanya hesabu ya kutoa kabla ya kuwasha chochote.

Chemba ya tanuri ni sanduku la chuma kisichoshika kutu, lenye kuta nene, vipashajoto vilivyozunguka kuta hizo kwa nje au kulazwa chini ya rafu, mlango wenye kioo kilichoimarishwa, mpira mpana wa silikoni au wa aina inayostahimili kemikali, na vali mbili: moja inayoelekea kwenye pampu na nyingine inayorudisha hewa. Kioo ndicho kinachostahili heshima. Mlango wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 30, ukiwa na ombwe nyuma yake, hubeba Lubumbashi mzigo unaolingana na uzito wa kilo 800 hivi, na Mombasa zaidi ya kilo 900. Kwa hiyo kioo chenye mkwaruzo wa kina au chenye ukingo uliomeguka hakistahili kutumika hata mara moja, kinga ya plastiki ngumu iliyo mbele yake haiondolewi kwa kisingizio kwamba inazuia kuona, na anayekaa mbele ya tanuri linalofanya kazi huvaa miwani ya kinga.

Jambo linalowashangaza wanaohamia kwenye ombwe kutoka étuve ya kawaida ni kwamba ndani ya chemba hiyo joto husafiri kwa shida. Katika tanuri la kawaida hewa hulichukua joto kutoka ukutani na kulipeleka kwenye sampuli. Ikiondolewa hewa, zinabaki njia mbili tu, mgusano wa chuma kwa chuma na mnururisho kutoka kuta. Sahani yenye kitako kilichopinda, inayogusa rafu kwa nukta tatu, inaweza kukaa baridi kwa saa nyingi huku namba za mbele zikionyesha nyuzi 60. Fundi asiyejua hilo huongeza joto, na saa mbili baadaye rafu imepita kiwango bila mtu kuona. Kinachofaa ni sahani pana za kitako bapa, sampuli iliyotandazwa nyembamba, kitu kimoja kwa kila nafasi ya rafu bila kubebanisha, na kipimajoto kilichochomekwa kwenye rafu yenyewe pale mtengenezaji alipoacha tundu kwa kazi hiyo.

Kuhusu mpangilio wa kuanza, mafundi hubishana, na wote wana sehemu ya haki. Wanaopasha joto kwanza kisha kunyonya hewa hupata kasi, kwa kuwa hewa huwasaidia kusambaza joto. Lakini kwa vitu vinavyoharibiwa na oksijeni, hidroksidi ya kobalti ikiwemo, hewa itolewe kwanza na joto lifuate, hata kama kazi itachelewa. Tope lenye maji mengi lisinyonywe kwa pigo moja. Maji yake huchemka ghafla, povu huruka, na nusu ya sampuli hukutwa imeng'ang'ania dari ya chemba. Vali hufunguliwa kidogokidogo, kwa hatua, macho yakiwa kwenye kioo.

Pampu nayo inahitaji kufikiriwa, kwa maana watu husahau ukubwa wa mvuke. Gramu moja ya maji, ikichemka kwa milibari 74, hugeuka karibu lita 19.5 za mvuke, hivyo sampuli ya gramu 200 ambayo nusu yake ni maji huipelekea pampu karibu lita 2,000. Pampu ya mafuta, yenye mapanga yanayozunguka ndani ya silinda, hufika ombwe la chini sana lakini huchukia mvuke wa maji: mvuke hugeuka maji ndani yake, mafuta hugeuka rangi ya maziwa, na chuma huanza kuliwa na kutu. Pampu nyingi za aina hiyo zina kivali kinachoruhusu hewa kidogo kuingia ili kuusukuma mvuke nje kabla haujageuka maji, na kivali hicho kifunguliwe wakati wa kukausha. Pampu ya kiwambo haina mafuta. Haifiki chini kama mwenzake, lakini kwa kazi ya milibari 50 au 70 inatosha na kuzidi, na kwa maabara za madini za mji huu ndiyo chaguo lenye busara. Kati ya tanuri na pampu ya aina yoyote huwekwa mtego wa mvuke, yaani chupa iliyopozwa ambamo mvuke hugeuka maji au barafu kabla ya kuifikia pampu. Barafu yenye chumvi inafaa kwa maji. Barafu kavu ndani ya alkoholi hushuka hadi nyuzi 78 chini ya sifuri. Naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, si ya kuchezea hapa: oksijeni huwa kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo mtego uliopozwa hivyo ukivuta hewa kwa muda unaweza kukusanya oksijeni, na oksijeni ya kimiminika ikikutana na mabaki ya mafuta au kiyeyushi huweza kulipuka.

Mgao wa umeme, ambao mjini huitwa délestage, ni sura inayokosekana katika vitabu vya watengenezaji. Pampu ya mafuta ikisimama ghafla huku chemba ikiwa na ombwe, hewa ya nje hupita ndani ya pampu kuelekea kwenye ombwe na kuyasukuma mafuta mbele yake, na mafuta hayo husafiri kwenye mpira hadi juu ya sampuli. Pampu mpya nyingi zina vali ya kuzuia kurudi. Kuukuu hazina, au zinayo iliyochoka. Umeme ukirejea, balaa la pili huanza: vipashajoto vinaweza kuwaka upya wakati ombwe limeshapotea, na kobalti ikaokwa hewani usiku kucha huku daftari likiandika kwamba ilikaushwa kwa ombwe. Basi vali ya kuzuia kurudi ipimwe kwa makusudi kabla ya kuaminiwa, swichi iwe ya aina isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi, na wakati wowote pampu inapozimwa kwa hiari, vali ya upande wa pampu ifungwe kwanza.

Kupima uvujaji ni kazi ya dakika chache na hakuna sababu ya kuiruka. Chemba tupu na kavu hunyonywa, vali hufungwa, pampu huzimwa, kisha mshale hutazamwa. Ukipanda haraka, mpira wa mlango una vumbi au ufa. Ukipanda polepole kisha ukatulia, mara nyingi ni unyevu uliojificha kwenye kuta unaotoka.

Kazi ikiisha, hatari haijaisha. Kwa kweli huenda ndiyo imefika kileleni. Unga mkavu na wa moto unapokutana ghafla na hewa unaweza kuoksidika kwa nguvu, na ukiwa na masalia ya kiyeyushi unaweza kuwaka, kwa hiyo joto huachwa lishuke hadi mkono uweze kuvumilia ndipo hewa irudishwe, na irudishwe kwa uvivu. Hewa inayoingia kwa kishindo hutimua unga, na unga wa kobalti si wa kuvutwa puani: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kobalti, pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka majini, mwaka 2022, katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani kwa binadamu. Naitrojeni kavu ni bora kuliko hewa, kwa sharti kwamba mtungi wake umepunguzwa nguvu kwa rigyuleta, kwa kuwa tanuri hili limejengwa kukandamizwa kutoka nje, si kusukumwa kutoka ndani, na mgandamizo ukizidi ule wa chumba mlango hufyatuka kumwelekea aliye mbele yake. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, hewa ya Lubumbashi huurudishia unga mkavu maji yake mara tu mlango unapofunguliwa. Sahani ifunikwe, ihamishiwe kwenye kikaushio chenye silika, ipoe, ndipo ipimwe. Kisha irudishwe tanurini na kupimwa tena, mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vikubaliane.

Vipo vitu visivyoingia humo kabisa. Chupa iliyofungwa kifuniko hupasuka. Asidi ya hidrokloriki hula chemba, mpira na pampu kwa pamoja. Perikloreti, azidi na peroksidi huweza kulipuka zikikaushwa. Asetoni, etha na viyeyushi vingine vinavyowaka havifai katika tanuri la kawaida la ombwe, ambalo swichi na vipashajoto vyake havikutengenezwa kuzuia cheche. Na hata pale tanuri maalumu lipo, moshi wa pampu lazima uelekezwe kwenye kabati la kufyonza hewa, wala usiachwe ndani ya chumba watu wanamopumua. Wanafamasia wanaokausha vidondoo vya mimea na wapimaji wa asali na sukari hutumia kifaa hikihiki kwa sababu hiyohiyo ya joto dogo, na tahadhari zao ni hizihizi.

Hakuna tanuri, la ombwe au la kawaida, linaloweza kuitengeneza sampuli iliyochotwa juujuu ya gunia moja wakati maji yametuama chini. Huo ni mjadala wa wachukuaji sampuli, nao unastahili mhadhara wake. Ila kwa upande wa maabara hukumu ni hii: tanuri la ombwe lisilo na vali ya kuzuia kurudi inayofanya kazi, wala geji ambayo usomaji wake umerekebishwa kwa hewa ya Lubumbashi, lisiachwe likifanya kazi usiku bila mtu, na namba ya unyevu iliyotoka ndani yake isitiwe sahihi kwenye cheti cha mauzo.